Kuchelewa kwake: namna ya kuandika "his being late" bila kubahatisha

Barua nyingi za Kiingereza zinazoandikwa kwenye ofisi za Posta na Kariakoo hukwama mahali pamoja. Mtu anataka kusema kwamba mteja alikerwa na kuchelewa kwa dereva. Anaandika "The customer was annoyed by the driver", halafu vidole vinasimama juu ya kibodi. Ni "the driver coming late" au "the driver's coming late"? Na akitumia kiwakilishi, ni "him coming" au "his coming"? Wengi huamua kwa sikio, na sikio la mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani linamdanganya hapa. Sikio la kuliamini ni lile la Kiswahili.

Tazama ulivyosema mwenyewe: "kuchelewa kwa dereva". Dereva hakumkera mteja kwa sura yake wala kwa salamu zake. Kilichokera ni kule kuchelewa. Na "kuchelewa" hapo ni nomino ya ngeli ya KU, inapatanishwa kama nomino nyingine yoyote: kuchelewa huku, kuchelewa kwake, kuchelewa kumezidi. Kiingereza hakina ku-, kina -ing, na kitenzi chenye -ing kikifanya kazi ya nomino huitwa jerandi. Sasa nomino humilikiwa. Kalamu yake ni "his pen", kuchelewa kwake ni "his coming late". Kanuni yenyewe ni hiyo tu. Kazi iko kwenye kujua inaanzia wapi na inaishia wapi.

Isikilize kwanza kwa Kiswahili

Kabla ya kuandika, sema sentensi yako kwa Kiswahili cha kawaida, kile unachokiongea kituoni, kisha sikiliza kitenzi cha pili kimetoka na umbo gani. Kuna milango mitatu.

Kikitoka na ku-, na mbele yake kukafuata kwangu, kwako, kwake, kwetu, kwenu, kwao au "kwa fulani", Kiingereza kinataka kimilikishi, yaani neno la kumiliki kama "his" au "Asha's", na -ing. "Kuondoka kwake kulitushangaza" ni "His leaving surprised us." "Mwenye nyumba alipinga kuhama kwa Asha kabla ya mwisho wa mwezi" ni "The landlord objected to Asha's moving out before the end of the month."

Kikitoka na -ki- ya kitendo kinachoendelea, au -na- kama wengi tunavyosema mitaani, usiweke kimilikishi. "Nilimwona konda akihesabu hela" ni "I saw the conductor counting money." Hiyo -ing si jerandi. Inaeleza konda alikuwa akifanya nini ulipomwona. Hivi ndivyo vinavyokwenda vitenzi vya hisi kama see, hear, watch, notice, feel na smell, pamoja na find, catch, keep na leave. "I caught him sleeping" ni sahihi. "I caught his sleeping" haisemwi.

Kikitoka na -e mwishoni, hutumii -ing kabisa, unatumia "to". "Nataka aje" ni "I want him to come". "Tulimwomba asubiri" ni "We asked him to wait". Kundi hili lina want, ask, tell, expect, allow na advise. Ukiandika "I want his coming" umechanganya mlango wa tatu na wa kwanza.

Kipimo hiki kina tobo moja, nalo linatokana na -ki- kuwa na kazi mbili. Uko kwenye daladala, joto limepanda, unamuuliza jirani yako: "Utajali nikifungua dirisha?" Hiyo -ki- ni ya sharti, haina uhusiano na kitendo kinachoendelea. Kiingereza cha adabu hapo ni "Would you mind my opening the window?" au "Would you mind if I opened the window?" Na chunga sana lile neno dogo "my". Ukiliacha, ukasema "Would you mind opening the window?", umemwomba yeye ndiye afungue. Kwa hiyo, ukiikuta -ki-, jiulize kama unaweza kuibadilisha iwe "wakati anafanya". Ukiweza, ni mlango wa pili. Usipoweza, ni sharti, na hapo kimilikishi kinarudi au unatumia "if".

Ukibaki na shaka, kata -ing na vyote vilivyofuata uone sentensi imebaki kuwa kweli au la. "I saw the conductor counting money" inabaki "I saw the conductor", na ni kweli ulimwona. Sasa kata "I resent my brother's borrowing my phone". Inabaki "I resent my brother", yaani una kinyongo na kaka yako mzima mzima, wakati shida yako ilikuwa simu tu. Sentensi ikiharibika maana baada ya kukatwa, uzito uko kwenye kitendo, na mtendaji anastahili kimilikishi.

Mara nyingine maumbo yote mawili yanakubalika ila maana inahama. "I watched him driving" ni nilimtazama akiendesha. "I watched his driving" ni niliutazama uendeshaji wake: anashikaje usukani, anabadilishaje gia, anaachaje nafasi na gari la mbele. Mkufunzi wa udereva hutazama la pili. Kiswahili kinazitofautisha kwa akiendesha na uendeshaji wake, kwa hiyo kila ukiona nomino ya u- na -aji, kama uimbaji, uchezaji au usomaji, jua kimilikishi kinahitajika: "her singing", "their playing", "the child's reading".

Kimilikishi chenyewe

Kwa viwakilishi vinavyotumika ni my, your, his, her, its, our na their. Mine, yours, hers, ours na theirs havikai mbele ya jerandi, kama visivyokaa mbele ya kalamu.

Kinachotusumbua Waswahili ni kwamba "kwake" haina jinsia. Kuchelewa kwake inaweza kuwa "his", "her" au hata "its", na Kiingereza kinakulazimisha uchague. Katika barua ndefu inayomtaja meneja mwanamke, "his" moja ikiponyoka kwenye aya ya tatu inaonekana kama umemsahau unayemzungumzia. Rudi mwanzo wa barua uhakikishe. Kwako na kwenu zote zinaishia kwenye "your", kwa hiyo ukiwaandikia watu wengi na wingi huo una maana, ongeza "all of you" mahali pengine. Usiivuruge "your".

Tahajia ndiyo inayoaibisha zaidi, kwa sababu maneno yanatamkwa sawa. "Your coming" ni kuja kwako, "you're coming" ni unakuja. "Their leaving" ni kuondoka kwao, "they're leaving" wanaondoka. "Its" ya kumiliki haina ritifaa ('). Simu nyingi hujirekebishia kuwa "it's", kwa hiyo soma tena kabla hujatuma.

Kwa nomino, ongeza ritifaa na s. Ritifaa ni ileile ya ng'ombe na ng'ambo. Juma huwa "Juma's", mwalimu "the teacher's". Wingi unaoishia na s hupata ritifaa peke yake, nyuma ya s: "the students' shouting". Wingi usioishia na s hufuata njia ya umoja: "the children's crying", "the women's waiting outside". Majina yetu mengi huishia na irabu, kwa hiyo hayana utata, ila ukikutana na James andika "James's" na uendelee na kazi. "Ashas leaving" bila ritifaa si mtindo wa kisasa, ni kosa.

Halafu upatanisho. Jerandi moja ni umoja hata kama watendaji ni mia. "The students' shouting disturbs the neighbours", si "disturb". Kiswahili kinakulinda hapa ukikisikiliza: kupiga kelele kwa wanafunzi kunawasumbua majirani. Husemi wanawasumbua, kwa sababu kinachopatana ni ku-, wanafunzi wamekaa pembeni. Kosa hili hutokea pale nomino ya wingi inapokaa karibu na kitenzi ikakivuta.

Ukanushi unaingia kati ya kimilikishi na -ing. Kutokuja kwake ni "his not coming". Si "his don't coming", wala "not his coming", ambayo inaanza kusema jambo jingine. Kukamatwa kwake ni "his being arrested", ambapo "being" inafanya kazi ya -w- yetu. Kwa jambo lililokwisha kutendeka kabla ya jingine kuna "having": "They discovered his having lied" ni kwamba waligundua alikuwa amedanganya. Ni Kiingereza kizito hicho, cha hukumu na ripoti za uchunguzi. Barua ya kawaida husomeka vizuri zaidi na "They discovered that he had lied".

Mtendaji akiwa yuleyule, kimilikishi hutoka

Hili tunalikosea kwa ukarimu. Mwandishi ameshajua kwamba jerandi hupenda kimilikishi, basi anakisambaza kila mahali: "Thank you for your coming." "Sorry for my being late." "I enjoyed my visiting Bagamoyo." Kila moja ina neno moja la ziada. Kimilikishi kinatajwa pale ambapo msomaji asingejua nani anatenda, au angedhani ni mtu mwingine. Ukimshukuru mgeni kwa kuja, aliyekuja ni yeye mwenyewe unayemshukuru. Ukiomba radhi kwa kuchelewa, aliyechelewa ni wewe unayeomba.

Kiswahili kinafanya hivyohivyo. Tunasema "asante kwa kuja" na "samahani kwa kuchelewa". Mtu akikuambia "asante kwa kuja kwako" utahisi kama anahutubia. Basi andika "Thank you for coming", "Sorry for being late", "I enjoyed visiting Bagamoyo". Kimilikishi kirudi watu wakiwa wawili: "I am sorry for my son's breaking your window." Aliyevunja ni mtoto, anayeomba radhi ni mzazi.

Tofauti hii inaweza kugeuza maana ya taarifa nzima. "The manager insisted on checking the boxes" ina maana meneja alitaka ayakague mwenyewe. "The manager insisted on our checking the boxes" ina maana alitaka sisi tuyakague. Neno moja la herufi tatu ndilo linaloamua nani atainama ghalani jioni hiyo.

Pa kuiacha ritifaa

Kimilikishi ni cha watu, na cha maneno mafupi. Vitu na mambo yasiyo na uhai huwa vizuri zaidi bila ritifaa: "We were worried about the price of rice going up", "There is no chance of the rain stopping before noon", "The power going off spoiled the fish." Kuandika "the rain's stopping" si dhambi, ila kunasikika kama mvua ina hati ya kumiliki.

Kirai kirefu hakibebi ritifaa. "The man who sells coconuts near the ferry's shouting" ni mzigo, na msomaji anaweza kudhani kivuko ndicho kinachopiga kelele. Iache: "I am used to the man who sells coconuts near the ferry shouting all morning." Au pindua sentensi yote. Watu wawili waliounganishwa kwa "and" nao ni taabu, hasa mmoja akiwa kiwakilishi. "Juma's and my arriving late" inaruhusiwa ila haipendezi. "The fact that Juma and I arrived late" inapita bila kumkwaza mtu.

Maneno kama this, that, these, those, all na some hayana umbo la kumiliki la kutumia hapa, kwa hiyo husema tu "There is no chance of that happening again". "There" pia haina. Ukikuta bomba kavu, ni "I was surprised at there being no water". Hakuna "there's being".

Na kuna pahali pa kuiacha jerandi yenyewe. Kiingereza kikiwa na nomino iliyo tayari, itumie. "His arrival" ni nyepesi kuliko "his arriving", "her refusal" kuliko "her refusing", "your reply" kuliko "your replying". Jerandi inafaa pale kitendo kinapokuja na mizigo yake, kama mtendwa, mahali na wakati: "her refusing the transfer to Mtwara twice". Jihadhari na mchanganyiko wa "the" na jerandi. Ukianza na "the", kinachofuata hudai "of": "the building of the bridge". "The building the bridge" haisimami. Ukianza na kimilikishi, "of" haihitajiki: "their building the bridge". Vilevile ukiwa na "of", kieleza namna kinageuka kivumishi. "Her quickly closing the shop", lakini "her quick closing of the shop".

Kwani "him coming" ni kosa?

Watu wamebishana juu ya hili kwa zaidi ya miaka 100. Mwingereza Henry Fowler, aliyechapisha kamusi yake maarufu ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, aliishambulia "him coming" kwa ukali. Otto Jespersen, mtaalamu wa sarufi kutoka Denmark, alimjibu kwa kuonyesha kwamba waandishi wazuri wa Kiingereza walikuwa wakiitumia kwa muda mrefu. Ukitazama matumizi ya leo, Jespersen ndiye aliyekuwa karibu zaidi na watu wanavyoongea. Mwingereza nyumbani kwake husema "Do you mind me sitting here?" bila wasiwasi wowote.

Nasi tunayo mipangilio miwili. Kuna "kuchelewa kwa Juma", na kuna "kitendo cha Juma kuchelewa", ambapo Juma anakaa mbele ya ku- bila kwa. Wa pili ndio unaofanana na "Juma coming late". Hakuna anayesema mmojawapo si Kiswahili. Unachagua kulingana na mahali.

Kwa Kiingereza, chagua hivi. Jerandi ikiwa ndiyo kiima na inafungua sentensi, tumia kimilikishi kwa watu na viwakilishi, maana "Him leaving early upset everyone" mwanzoni mwa sentensi inasikika ya mtaani. Ikiwa baada ya kitenzi au kihusishi katika barua rasmi, ombi la kazi, ripoti au karatasi ya mtihani, tumia kimilikishi pia: ni umbo ambalo hakuna upande unaoliita kosa. Katika ujumbe wa simu kwa rafiki, "I don't mind you coming late" inatosha, na "your" hapo inaweza kukufanya uonekane umevaa tai kwenda sokoni. Baada ya remember na imagine, "him" ni ya kawaida hata katika maandishi ya heshima. Baada ya prevent, njia salama ni "prevent him from leaving".

Barua moja, ikisahihishwa

Chukua aya hii ya kampuni ya kusafirisha mizigo, iliyotungwa kwa ajili ya mazoezi:

"Thank you for your contacting us. We are sorry about the goods's arriving late. Him not answering your calls was because of a flat tyre at Kimara. Our guard saw the driver's leaving the warehouse at eight. We would appreciate if you check the boxes before you sign. We look forward to hear from you."

Sentensi ya kwanza ina "your" isiyo na kazi, kwa kuwa anayeshukuriwa ndiye aliyewasiliana: "Thank you for contacting us." Ya pili ina makosa mawili. Wingi unaoishia na s haupewi s nyingine, na bidhaa hazina uhai, basi "the goods arriving late", au bora zaidi "the late arrival of the goods". Ya tatu inafungua sentensi kwa "Him", inahitaji "His", lakini kuna tatizo lingine: "his" nani? Dereva hajatajwa bado. "The driver's not answering your calls was due to a flat tyre" inarekebisha sarufi, ila pancha haimzuii mtu kupokea simu. Aliyeandika alitaka kusema pancha ilimchelewesha, na simu ilikuwa jambo lingine. Kimilikishi hakiwezi kuokoa hoja iliyochanganywa. Zitenganishe: "The driver was delayed by a flat tyre at Kimara, and we apologise for his not answering your calls." Hapa "his" ni lazima, maana anayeomba radhi ni kampuni na asiyepokea simu ni dereva.

Ya nne ni mlango wa pili, mlinzi alimwona dereva akiondoka: "Our guard saw the driver leaving the warehouse at eight." Ya tano ni ile -ki- ya sharti, tutashukuru ukikagua. Kuna njia mbili, na zisichanganywe: "We would appreciate your checking the boxes before you sign", au "We would appreciate it if you checked the boxes before you sign", na ile "it" isisahaulike. Ya sita, "to" baada ya "look forward" ni kihusishi, haifanyi kazi ya ku-, kwa hiyo kinachoifuata ni nomino au jerandi: "We look forward to hearing from you." Bila "our", kwa sababu wanaosubiri ndio watakaosikia.